Wimbo wa Mapenzi Uliomkimbiza Mama Bathsheba

Niliwahi kuimba hadi ukumbi uliofurika ukabakiwa na mtu mmoja. Huyo mmoja naye alikuwa akingojea kitambaa chake.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka 1973, katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Kisii.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, pamoja na imani thabiti, isiyo na ushahidi wowote, kwamba nilikuwa na sauti.

Nikatunga mchezo wa jukwaani wa nyimbo. Niliwaeleza wanafunzi kwamba katika michezo ya aina hiyo hufika wakati wahusika wengine wote wakaondoka, mwanamume akabaki peke yake, akaimba lile asiloweza kulisema. Mchezo mzima hujengwa ili kuufikia wimbo huo.

Wimbo huo nikajipa mimi.

"Mwalimu, kwani Ombati hawezi?" wakauliza. Ombati wa kidato cha nne akiimba, wapishi walisahau ugali jikoni.

"Sehemu hii inahitaji mtu mzima," nikajibu kwa upole.

Kusema kweli, niliitaka kwa ajili ya Kwamboka. Alikuwa akisomea uuguzi, nami nilitaka kumwoa. Baba yake, Mzee Machogu, mkulima wa chai wa Nyacheki, alikuwa hajanipa jibu. Alisema atakuja kwanza kunitazama kazini.

Akaja kweli. Akaja na mkewe, Mama Bathsheba, na akina mama wa ukoo na waume zao, lori tele. Tukawaketisha mbele kabisa.

Pazia likafunguliwa. Lilikuwa jora la kitambaa tuliloazimwa na Shariff, mwenye duka mjini, ambaye alikaa karibu na mlango asiliondolee macho.

Ulipofika wakati wa wimbo wangu, wenzangu wakatoka jukwaani. Nikabaki. Nikafumba macho, maana nilikuwa nimesoma mahali kwamba waimbaji wakubwa hufumba.

"Njoo, mpenzi, jua linazama,
njoo nikulaze kifuani..."

Nikasikia benchi likikwaruza sakafu. Nikadhani ni hisia.

Nikasikia nyayo. Nikapandisha sauti.

Nilipofumbua macho, Mama Bathsheba alikuwa amejifunika leso kichwa kizima, anatoka mbio. Akina mama wote wa ukoo walikuwa nyuma yake, kila mmoja kajifunika vilevile. Waume wakawafuata wake zao kuuliza kulikoni. Wanafunzi wakafuata ili wasipitwe na uhondo.

Nikaumaliza wimbo. Nadhani ni shahada iliyokuwa ikiimba.

Shariff akapiga makofi, kidogo tu. "Mashallah, Mwalimu. Sasa nifungulie kitambaa changu."

Nilirudi nyumbani nikalichambua jambo lile kisomi. Wale walikuwa Waadventista. Pengine wimbo wa mapenzi ulikuwa mambo ya dunia. Au sauti. Sauti niliiweka mwisho.

Kwetu Gusii mama mkwe na mkwe wake huoneana soni: neno la mapenzi halitamkwi mahali ambapo wote wawili watalisikia. Hilo nililijua, nililiandikia hata insha ndefu chuoni. Lakini mimi sikuwa mkwe wa mtu. Ng'ombe wa mahari walikuwa hata hawajatajwa.

Nikajiambia, Kwamboka nimemkosa.

Asubuhi Mzee Machogu akabisha hodi. Mkewe alibaki nje ya ua, ametupa mgongo.

"Kijana, wewe unajua kuimba?"

"Hapana, mzee."

"Afadhali. Wewe si mwongo."

Akaketi, akavua kofia.

"Jana nilikuja kukukataa. Mtu wa kuimba-imba sikumtaka. Nilikuwa nangoja unyamaze, nikwambie."

"Naelewa, mzee."

"Huelewi! Huyu mama akakimbia. Mbele ya watu! Mama hujifunika vile akimkimbia nani?"

Insha yangu ilikuwa na jibu.

"Mkwe wake!" akasema. "Nani humwonea soni mtu wa kupita? Na wenzake wote wakakimbia naye. Ukoo mzima ulishakuita mkwe kabla mimi sijanyanyuka kwenye benchi kuwafuata, na 'hapana' yangu mdomoni. Nikikukataa leo, Nyacheki yote itamwuliza mke wangu alikuwa anakimbia nini."

"Mzee, huenda alishtuka tu."

"Nimemwuliza njia nzima. Ananiambia soni zilimshika ghafla. Na akisema hivyo, anacheka ndani ya leso."

Nikachungulia dirishani. Mabega ya Mama Bathsheba yalikuwa yakitikisika.

"Lete wazee wako tuongee," akasema Mzee Machogu, akisimama. "Na huko kwangu usiimbe."

Ndugu msomaji, ukiona watu wanakukimbia, usikimbilie kujihukumu. Uliza kwanza, kwao mtu hukimbiwa kwa ajili gani.

Nilimweleza Kwamboka somo hilo tulipokwisha kuoana. Akanitazama kwa huruma ya kiuuguzi.

"Mama alikukimbia kwa heshima," akasema. "Wale wengine, mume wangu, mimi siwezi kuwasemea."