Mwenye Pombe Anaonja Kwanza

Daikiri ni pombe ya kuchanganya: ramu, ndimu na sukari, basi. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye simu nilisema, hii mbona mteremko. Nikaanza kujifunza jikoni kwangu Sofu, hapa Kibaha, Jumamosi baada ya kufua. Kipimo changu kilikuwa kikombe cha dawa ya kikohozi ya mtoto, cha kutikisia kopo la kahawa lenye mfuniko mgumu, na barafu nilinunua kwa jirani. Ya kwanza ilinikunjisha uso. Ya pili ilikuwa sharubati. Wiki ya sita hivi nikaipata: baridi, kali kidogo, tamu kidogo, hakuna kilichomzidi mwenzake. Nikasimama peke yangu jikoni nikicheka, na mtu aliyenijia kichwani ni mama.

Mama yangu alipika mbege miaka yote tulipokuwa Uchagani. Alichemsha ndizi mbivu, akaziacha zichachuke siku kadhaa, akachuja, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi na magome machungu ya msesewe. Hakuwa na kikombe cha dawa. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatazama juu kidogo, akaongeza au akaacha, na watu walivuka vijiji kuifuata pombe yake. Mimi ndiye niliyekaa karibu naye nikipepeta ulezi. Halafu nikaenda shule ya bweni, na wenzangu walipouliza mama yangu anafanya kazi gani, nikasema anauza mboga. Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya wazazi, rafiki yangu mmoja akamuuliza mama kama mchicha wake umestawi. Mama akanitazama, akamjibu kwamba mwaka huu umestawi sana. Hakunigombeza. Ila tangu likizo iliyofuata hakuniita tena jikoni kwake.

Siku hizi anaishi Kisarawe, karibu na kaka yangu, na bado anawapikia watu wa kwetu kwenye harusi na matanga, magome yakiletwa kwa basi. Uani kwake kuna mndimu, na ndimu zangu zote zilitoka hapo.

"Unazifanyia nini zote hizi?" aliniuliza siku moja.

"Juisi, mama."

Mtu mzima, mtumishi wa serikali, nadanganya tena kuhusu pombe! Nilijichukia njia nzima mpaka Kibaha.

Jumapili iliyofuata nikapakia ramu, sukari, kopo na ndoo ya barafu, nikarudi. Baada ya shikamoo nikamwambia ukweli, nikachuma ndimu, nikatikisa kopo mbele yake pale uani. Nikamimina, nikampelekea glasi kwa mikono miwili. Akaitazama. Hakuipokea.

Nikaona leo ni leo. "Mama, nisamehe yale ya shuleni," nikasema, maana sikuona sababu nyingine ya kuikataa. "Nilikuonea aibu. Na mpaka leo sijaona fundi kama wewe."

"Hayo nimesikia," akasema. "Lakini nimekulea wapi wewe? Mwenye pombe anaonja kwanza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu humpi mtu pombe ambayo hujaionja mbele ya macho yake, ajue ni salama, na ajue wewe mwenyewe unaiamini. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nikaonja. Ilikuwa chachu ya kukereketa koo, ingawa nilipima vilevile kama siku zote.

"Ndimu za kiangazi hizo," mama akasema. "Maji hakuna, ukali wote umebaki. Hicho kikombe chako kitajuaje?"

Akachukua sukari kwa vidole, akakoroga, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatazama juu kidogo. Akaongeza punje chache tena. "Sasa onja."

Jumamosi zangu zote sikuwahi kufika pale. Na yeye wala hakuwahi kulisikia neno daikiri maishani mwake! Nilimpenda mno saa ile, nikampelekea tena kwa mikono miwili. Akapokea glasi, akainywa taratibu mpaka mwisho, akanirudishia.

"Jumamosi njoo mapema," akasema. "Kuna ndizi za kumenya. Na ukiulizwa ulikuwa wapi?"

"Nitasema nilikuwa kwa mama, tunapika pombe."