Siku Redio Iliponyamaza Makanya

Watu wa Makanya wana kichaa chao, na Yudith anakijua vizuri kwa sababu ni kichaa cha nyumbani kwao. Mahali pengine mtu akisikia mafuriko yanakuja, hubeba watoto na godoro akakimbilia mlimani. Mtu wa Makanya hubeba jembe akakimbilia korongoni. Usiwacheke. Mvua ya pale chini ni ya manyunyu tu, na mahindi yao huishi kwa maji yanayoteremka kutoka milima ya Upare, mvua ikishanyesha huko juu kwenye baridi na migomba. Maji hayo yakifika hayamsubiri mtu. Ama umefungua mdomo wa mfereji wako yakaingia shambani, ama yamekupita, na njaa umebaki nayo wewe.

Ndiyo maana Yudith, mtangazaji wa redio ndogo ya pale Same mjini, anapendwa Makanya kuliko hata mchungaji wao, ingawa hilo halisemwi kanisani. Kila masika mtu wa mlimani humpigia simu kwamba mvua imekamata, naye hukata wimbo katikati na kusema maneno yake yale yale: "Wana Makanya, maji yanakuja!" Watoto humwigiza njiani. Baba yake, mzee Fanueli, siku hiyo hutembea kifua mbele utadhani mvua kaileta yeye.

Tena bila mzee huyo Yudith asingefika redioni. Alimlea kwenye redio yake ya betri, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikichoka mzee alizianika juu ya bati, zikigoma aliziuma kwa meno, na zikikataa kabisa alizisema vibaya. Siku Mwalimu Nyerere alipofariki, Yudith alikuwa mtoto wa darasa la pili. Walikuwa uani wakipukuchua maharage, redio inaimba dirishani na hakuna aliyeisikiliza. Ghafla ikanyamaza. Hapo ndipo kila mtu alipoisikia. Mama akainua kichwa, majirani wakasogea kwenye ua. Baba akaishika, akaiita "Haloo?" kama simu, akaipiga kofi, akaitega sikioni. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifuniko cha betri sauti iliporudi na habari ile nzito.

Watu wazima walilia, naye akalia kwa kuwa wao walilia. Lakini kilichomkaa moyoni ni jinsi walivyosogea wote, hata wale ambao hawakuwa na haja na redio asubuhi ile. Mpaka leo hajui kama iliyonyamaza ni redio ya Dar es Salaam au ni betri za baba.

Meneja wake, Rodgers, hana hadithi za namna hiyo. Kwake yeye kimya hewani ni dhambi isiyosameheka. Kuna mtangazaji alikwenda kunywa chai, wimbo ukaisha hajarudi, na chai ile ndiyo iliyomfukuzisha kazi. "Redio ikinyamaza, msikilizaji anahama," Rodgers huwaambia wageni na wenyeji, "na akihama harudi."

Basi masika ya mwaka huu, mchana, simu ikalia. Alikuwa Eliamini, mwalimu mstaafu anayekaa juu kabisa mlimani, kwenye chanzo cha korongo la Makanya. Mvua ilikuwa inaukatakata mtandao. "Yudith... maji... yanakuja... sijawahi kuona..." Ikakatika. Yudith hakuuliza zaidi. Angeuliza nini, na watu wana njaa? Akakata wimbo, akasema maneno yake kwa sauti ya furaha, akaurudisha wimbo. Alikuwa hata anatabasamu.

Simu ikalia tena.

"Shikamoo mwalim..."

"Acha shikamoo, mwanangu! Umeshatangaza?"

"Nimeshatangaza, mwalimu."

"Mungu wangu. Mlima umemeguka, Yudith! Umeangukia ndiva, bwawa letu la mfereji, limepasuka. Haya si yale maji. Ni matope na mawe makubwa kama nyumba, yanang'oa miti. Watoe watu korongoni!"

Yudith akaiweka simu mezani. Yeye ndiye aliyewapeleka. Alijua nani yuko mbele: mzee Fanueli, mwenye shamba la kwanza upande wa juu, redio yake imetundikwa kwenye mti wa mgunga, inaimba huku anachimba. Na alijua kwamba maji yakitoka kule juu hayachukui muda mrefu, maharage hayajaiva tayari yamefika.

Akafungua kipaza sauti. "Wana Makanya, tokeni korongoni! Nasema tena, tokeni!" Kisha akampigia baba. Simu ikaita, ikaita. Simu ya mzee hukaa kwenye koti, na koti hukaa nyumbani. Akampigia Asheri, jirani wa shamba la pili. Asheri akapokea, na nyuma yake Yudith akasikia majembe, vicheko, na wimbo wa redio yake mwenyewe.

"Tumekusikia, dada!" Asheri alipiga kelele. "Tumeshatoka wote! Tuko huku korongoni!"

"Hapana, Asheri, ondokeni..."

"Nitakupigia, mikono ina tope!" Akakata. Yudith akapiga tena. Iliita mpaka ikachoka.

Hapo alitaka kujipiga. Aliwaambia tokeni, nao wametoka, tena na majembe begani. Kila mwaka sauti yake huwaambia jambo moja, na leo walisikia hilo hilo. Angepiga kelele hewani mpaka koo lipasuke, wangesema leo Yudith amechangamka, maji ni mengi, chimba haraka. Redio ile ilikuwa inaimba mgungani kama ilivyoimba dirishani zamani zile, na hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

Akautazama mtambo. Kisha akashusha swichi zote, wimbo ukafa.

Kimya.

Rodgers alitokea upande wa pili wa kioo kabla hata hajavuta pumzi. "Yudith! Hewani hakuna kitu!" Alipiga kioo kwa kiganja, akazunguka kuja mlangoni. Yudith alifumba macho. Hakutazama saa, alimtazama baba yake moyoni. Sasa anainua kichwa. Sasa anasema "Haloo?" Sasa anafuta mikono kwenye suruali, maana redio yake haishikwi na mikono ya tope. Anaitungua. Asheri anamtania kwamba binti yako kalala. Wa mashamba ya jirani wanasogea, kwa sababu mzee Fanueli akiigombeza redio ni burudani. Anaipiga kofi. Anaipiga la pili.

Mlango ukafunguka. "Unataka kazi au hutaki?" Rodgers alipeleka mkono kwenye mtambo. Yudith akaudaka, akaushikilia kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa bila kutoa sauti. Akizungumza sasa hivi, mzee yuko peke yake na wenzake bado wanachimba. Akichelewa, mzee anafungua kifuniko, anatoa betri azianike, na hapo binti yake ataongea na upepo. Bado, baba. Bado. Sasa anaitega sikioni.

Akapandisha swichi. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mtu anayeongea ndani ya sikio la mzazi wake.

"Baba. Usitoe betri. Ni mimi, Yudith. Mlima umeanguka, yanakuja mawe. Acha jembe. Chukua watu wote walio hapo, mpande kwenye tuta la reli. Sasa hivi, baba. Msifungue mfereji. Kimbieni."

Akarudia. Akarudia tena, na tena, mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Rodgers alikuwa amesimama palepale, mkono wake bado umeshikwa, kinywa wazi. Hakuna simu iliyoita. Yudith alisema maneno yale kama rozari ya jirani zake Wakatoliki, yeye Mlutheri, na kati ya rudio moja na jingine aliomba kwa lugha ya mama yake.

Simu ilipolia aliishika kwa mikono miwili. Kwanza alisikia ngurumo, kitu kama treni ya mizigo isiyoisha, na watu wakipiga mayowe.

"Tuko relini," Asheri alisema. Alikuwa analia, mwanamume mzima. "Dada, hakuna shamba. Hakuna mgunga. Yamepita hapa, hakuna kitu."

"Baba?"

Asheri alikuwa akimfokea mtu pembeni.

"Asheri! Baba yuko wapi?"

"Yupo! Tumemshika watu wawili. Anagombana na sisi, anataka kushuka. Kifuniko cha redio yake kimeanguka huko."

Yudith alikaa sakafuni. Simu ilipokezanwa, akasikia pumzi ya mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe, nani kakufundisha kunyamaza kwenye redio? Nilikuwa nimeshafungua! Kidole kilikuwa kwenye betri, Yudith, kidole hiki hapa!" Kisha sauti ya mzee ikavunjika. "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo tu ningeitoa."

Yudith alilia kwa sauti, kipaza kikiwa wazi, na wilaya nzima ikamsikia. Rodgers ndiye aliyekifunga, akaweka wimbo, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi peke yake. Habari ya kufukuzwa kazi hakuigusa siku ile wala baadaye.

Mazao yaliharibika na mwaka huu Makanya wanakula kwa tabu, hilo lisifichwe. Lakini hakuna nyumba iliyozika. Redio ya mzee Fanueli sasa imefungwa mgongoni kwa mpira wa tairi la baiskeli, betri zisidondoke, na iko kwenye mgunga mwingine.

Mwishoni mwa masika Eliamini alipiga simu tena, safari hii mtandao safi, mvua ya kawaida, maji ya kawaida. Yudith alimhoji mpaka mwalimu akakasirika. Ndipo akakata wimbo: "Wana Makanya, maji yanakuja." Asheri alimsimulia baadaye. Walifika ukingoni na majembe yao, wote, wakasimama. Hakuna aliyeshuka. Walikuwa wanaitazama redio. Mzee Fanueli aliitega sikioni muda mrefu, wimbo mzima, na mwingine, maji yakianza kusikika kwa mbali, ndipo akaitundika tena mtini.

"Bado inaongea," akawaambia. "Twendeni."