Kikopo Chenye Picha ya Mtoto Anayecheka

Jepkemei alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Nzi akitua kwenye ukingo wa kikombe, chai yote inamwagwa. Mtu akipiga chafya karibu na sufuria, basi hicho chakula atakila mwenyewe. Majirani zake wa Kaptembwo walishamzoea, wakamtania kwamba siku ya kufa atamkagua malaika kucha kabla ya kumpa mkono. Alicheka nao, lakini kucha zao alizitazama vilevile.

Kwa hivyo Valarie, mke wa mwanawe Kipkirui, alipoingia mwezi wa nane wa mimba, Jepkemei alimfuata nyumbani kwao Kiamunyi akamwambia avae viatu, waende mjini kununua vitu vya mtoto. Hakutaka tena kusikia ushauri wa mtu. Huyu alisema kitovu kipakwe dawa ya meno. Yule akasema masizi ya sufuria. Wa tatu, na huyo amesoma mpaka chuo kikuu, akasema mate ya asubuhi kabla mtu hajapiga mswaki ndiyo huondoa vipele usoni mwa mtoto. Jepkemei alisonya mpaka taya likamuuma.

"Mdomo umelala na uchafu wa jana wote," alimwambia Valarie njiani, "halafu eti upake mtoto. Watu wengine hata haya hawana."

Kwenye kemisti walipokewa na Kuluthum, mwanamke mtaratibu aliyevaa koti jeupe juu ya buibui. Valarie alimwonyesha orodha kwenye simu, vitu karibu arobaini, vingine hata Jepkemei hakujua vinaingia wapi. Kuluthum aliisoma yote bila kucheka.

"Mtoto mchanga hataki mambo mengi, dada," alisema. Akawatolea sabuni isiyo na harufu, jeli ya kawaida isiyo na manukato, krimu ya zinki ya kupaka pale nepi inapochubua, kipima joto, matone ya maji ya chumvi ya pua iliyoziba, na kikata kucha. Dawa ya kitovu angepewa hospitalini.

"Na ya homa?" Valarie aliuliza.

"Ya homa usiweke kwanza. Mtoto hajafika miezi miwili na mwili umechemka, hiyo si kazi ya kabati, ni ya daktari, na ni siku hiyo hiyo."

"Na yale mafuta ya vikopo, yale ya kupakuliwa? Watu wanayasifu. Wanasema upele unaisha siku mbili."

Kuluthum alifunga mfuko polepole. "Mafuta yakimaliza upele siku mbili, jua kuna kitu ndani ambacho hakikuandikwa nje. Mara nyingi ni zile krimu kali za tyubu, za kuandikiwa na daktari. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Inazifyonza mpaka kwenye damu."

"Hayo usiguse," Jepkemei alimwambia Valarie, kisha akajifanya anasoma maandishi ya kipima joto. Mafuta hayo alikuwa akiyatengeneza yeye.

Ndiyo hali ilivyokuwa. Kila asubuhi Jepkemei alifungua chumba cha nyuma cha duka la vipodozi la mtu mmoja aitwaye Jerry, akafunga leso kichwani, akapakua jeli kutoka kwenye ndoo kubwa na kuitia kwenye vikopo vidogo. Alikuwa mjane, na mwanamke wa umri wake haokoti kazi njiani. Mwanzoni ilikuwa jeli tupu na harufu ya poda, na hakuona ubaya. Kisha mwaka jana Jerry akaja na katoni ya tyubu. Jepkemei alizijua. Jirani yake alizipaka usoni akitaka weupe, na sasa uso wake ulikuwa mwekundu, umejaa mishipa, hauwezi jua wala moto wa jiko.

"Hizi si za watoto, Jerry," alisema siku hiyo.

"Mathe, watu wanataka kitu kinafanya kazi. Wewe koroga tu."

Akakoroga. Alikoroga kwa mti uliokatwa kwenye mpini wa fagio, ndani ya ndoo iliyokuwa na nywele, na mara moja na mguu wa mende. Mguu aliutoa kwa kidole, akaendelea. Mkasi wa dukani ulipopotea, alianza kukata seloteipu ya vifuniko kwa meno yake yenye pengo mbele. Yeye, ambaye hanywi chai ya kikombe kilichotuliwa na nzi. Kichefuchefu kilimpanda kila siku, akakimeza kila siku, akajiambia kwamba wanaonunua ni watu wasiojulikana, wa mbali huko. Jioni alisugua mikono kwa sabuni ya kipande mpaka ikauma, na bado mkate wake ulinuka poda.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, wakamwita Kipkemoi. Alipofika wiki tano, akina mama wa kikundi cha kanisa wakaja Kiamunyi kumwona. Jepkemei aliweka beseni, jagi na sabuni mlangoni, akasimama hapo kama askari wa geti. Aliyenyunyiza vidole tu alirudishwa. Mmoja alijaribu kumbusu mtoto mdomoni, akapata maneno ambayo hatayasahau. Valarie alimshukuru mbele ya wote. "Bila Mama, huyu mtoto angekuwa ameshalambwa na kijiji kizima," alisema, na watu wakacheka.

Kikundi hicho kina desturi yake. Bibi humpakata mtoto, na kila aliyeleta zawadi huifungua mwenyewe na kumgusisha mtoto, shali afunikwe, mafuta apakwe kidogo miguuni, ndipo aombewe. Zawadi iliyorudi na karatasi yake huhesabiwa kuwa tusi.

Nerima alikuja wa mwisho. Alikuwa rafiki wa Jepkemei tangu watoto wao wakiwa shule ya msingi, mtu aliyemlilia mume wa Jepkemei kaburini kuliko hata ndugu za marehemu. Alifungua karatasi, na chumba kikajaa harufu ya poda. Kilikuwa kikopo chenye picha ya mtoto anayecheka. Ukingo wa seloteipu ulikuwa umeng'atwa, na katikati ya alama za meno palibaki kinundu kidogo, pale penye pengo la Jepkemei.

"Haya mafuta, Mama Kipkirui, ni dawa," Nerima alisema akichovya vidole viwili. "Micah wa binti yangu alikuwa na upele mwili mzima. Siku mbili tu. Tangu hapo hatupaki kingine, asubuhi na jioni."

Vidole vikaja. Jepkemei alivuta blanketi.

"Ameshapakwa," alisema.

"Basi miguuni tu, ya baraka."

"Nerima, usimpake."

Wengine walianza kutazamana, na Nerima akabaki na mkono hewani, uso umemshuka kwa aibu. Jepkemei alijua angeweza kusingizia mzio wa ngozi, na kila mtu angemwamini, na Jumatatu angefungua chumba cha nyuma kama kawaida. Lakini mficha uchi hazai. Na Micah alikuwa anapakwa asubuhi na jioni.

"Yana krimu ya tyubu," alisema. "Ile ya kuchubua. Naijua kwa sababu naikoroga mimi. Hayo meno hapo kwenye seloteipu ni yangu."

Nerima alivitazama vidole vyake viwili, akavipangusa kwenye karatasi ya zawadi, kimoja kimoja, kisha akavipangusa tena.

"Micah ana miezi sita," alisema. "Tumempaka miezi mitatu. Mwezi jana si ulimbeba wewe mwenyewe, ukasema ananukia vizuri?"

"Nilisema."

"Na ulijua."

"Nilijua. Usiyakatishe ghafla peke yako, mwili ukishayazoea huumia. Mpeleke hospitali leo, na kikopo ukibebe, wakione."

Nerima alikifunga kikopo, akakitia mkobani, akatoka bila kuaga. Jepkemei alitaka kumfuata, lakini alikuwa amempakata mtoto. Kipkemoi alikuwa macho, ameushika mkono wa kulia wa bibi yake, ule wa kukorogea, anakinyonya kidole cha shahada.

Valarie aliinuka. Hakupaza sauti. Alikitoa kidole kile mdomoni mwa mwanawe, akampangusa midomo kwa kanga yake, akamchukua.

"Mama," alisema, "beseni liko mlangoni. Nenda unawe."

Jepkemei akaenda. Akina mama walivuta miguu yao kumpisha, na mmoja akaikunja sketi isimguse. Akanawa, akamwaga maji, akanawa tena. Kisha akavinusa vidole vyake, akaichukua sabuni tena.