Nilichagua cha Juu

Wenzangu hufanyiwa sherehe wakipata chuo. Mimi nilifanyiwa ya kukosa, na nilicheza mpaka goti likauma.

Ilikuwa masika ya 1984. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo Endulen, kijana wa Endamarariek niliyetupwa kwa wafugaji bila mke wala neno la Kimaasai zaidi ya salamu.

Kesi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Wazee walizimaliza wenyewe malishoni.

Upweke ulinikaba nikawa nacheza drafti peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa mwizi balaa.

Ndipo ikaja fomu ya masomo ya juu ya sheria. Vyuo viwili: juu kimeandikwa cha Dar es Salaam, chini cha Morogoro. Chagua kimoja, jibu lifike Karatu kabla ya Ijumaa.

Ukienda Morogoro, baada ya miezi tisa unarudishwa kituoni kwako. Ukienda Dar, unapangiwa mjini.

Hapo mtu unajiuliza nini?

Mvua ikakata barabara. Nikabaki na fomu mkononi. Nikamwomba nesi Marsela atumie redio ya hospitali, ujumbe umfikie Leodegar, karani wetu wa mahakama Karatu.

"Mwambieni Leodegar, hakimu amechagua cha juu," Marsela akasema. Redio ikakwaruza, wakajibu wamepata.

Mimi huyo, niliyekuwa nafukuza watu mahakamani kwa kukosa maandishi.

Nikafungasha sanduku.

Wiki mbili baadaye Landrova ya hospitali ikapita. Dereva akanipa barua ya Leodegar: "Nimewaandikia wakubwa kwamba umeacha vyuo vyote viwili, umechagua kubaki juu. Umetushangaza, ndugu hakimu."

Nikaisoma mara tatu.

Karatu ukisema juu, hakuna anayefikiria karatasi. Juu ni huku kwetu, ukishapanda msitu wa kreta. Gari limekwenda juu, mgonjwa katoka juu.

Kabla sijakaa, nje wanawake wanaimba. Dereva alishatangaza njia nzima. Mzee Parsimei, mmoja wa wale waliomaliza kesi malishoni, yuko mbele, mkewe Nanyokie na kibuyu cha maziwa.

Parsimei akanishika mkono, akaanza na Kiswahili chake cha mnadani.

"Mwalimu alipata karatasi, akaenda. Daktari akaenda. Wewe umeambiwa chagua, umesema juu. Ni kweli ulisema?"

Akaningoja.

"Nilisema, mzee."

Hata kwa kiapo ningejibu hivyo hivyo.

Nikanywa maziwa. Nikacheza. Watu wote wale walikuja kwa ajili yangu, na hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia ukweli.

Nilikaa miaka saba. Hawajui mpaka leo.

Wewe unayechagua chuo, kitaje kwa jina lake lote. Mimi nilitaja nusu, watu wema wakanijazia iliyobaki.