Mama Tepu na Sentimita Mbili

Wodi nzima ya watoto wachanga ilimwita Mama Tepu, kwa sababu mfuko wa sare yake haukukosa tepu ya kupimia. Miaka ishirini na mmoja ya unesi, na bado alipima kila mpira wa kufyonzea makohozi kana kwamba ameanza kazi jana. Wenzake walimtania, "Mama, hata chai utaipima kina?"

"Chai haina mapafu," aliwajibu.

Asubuhi hiyo kengele ya kitanda cha tatu ililia. Mtoto njiti wa siku tano, aliyezaliwa kabla ya wakati na kupumua kwa mashine, alikuwa anageuka rangi. Namba ya oksijeni ilishuka hadi themanini na moja. Ndani ya mrija wa kooni makohozi yalicheza waziwazi.

Mama mtu aliruka kitini. "Nesi, mwanangu anaondoka?"

"Haendi kokote, mdogo wangu. Kifua kimeziba. Msemeshe, sauti yako anaijua."

Daktari kijana, mgeni wa wiki mbili, alikuwa tayari ameshika mpira mwembamba. Alitupia jicho kadi ya kitandani yenye kina cha kufyonzea. "Sentimita kumi na mbili. Naingiza."

"Ngoja, mwanangu."

"Mama, kadi si hii hapa? Tupime huku mtoto anazama?"

"Sekunde tatu tu."

Mama Tepu akapima kwa tepu sehemu ya mrija iliyo nje, akajumlisha na sentimita za ndani zinazosomeka kwenye mrija hapo mdomoni mwa mtoto. Kumi! Jana jioni mrija ulipunguzwa kwa nje, na aliyeukata hakugusa kadi. Sentimita mbili za ziada zingeivuka ncha na kuchokonoa nyama laini ya njia ya hewa isiyozidi unene wa bua la nyasi. Dunia hii huwapigia saluti wenye misafara ya magari. Ingekuwa na akili, ingepanga foleni kwenye kitanda hiki kumpigia nesi huyu.

Daktari akarudisha mpira nyuma. "Niongoze, mama."

"Shika kwenye kumi. Nimemwongezea oksijeni kidogo, kichwa na mrija nimeshika mimi. Ingiza taratibu, usifyonze bado. Haya, sasa fyonza huku ukitoa. Na wewe zuia pumzi: ukianza kutamani hewa, ujue na yeye anaitamani."

Donge zito likatoka. Namba ikapanda, themanini na tisa, tisini na tatu. Midomo ikarudi rangi yake.

"Nirudie kwa uhakika?"

"Hapana. Kifua kimenyamaza, mwache apumzike."

Daktari akafuta ile kumi na mbili, akaandika kumi. "Nisamehe, mama."

"Mwombe mwenye kifua."

Akainama kitandani. "Samahani, bosi."

Mama mtu alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kitaziba tena?"

Kumdanganya kungekuwa rahisi. Mama Tepu akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Huenda hata kabla ya mchana, mdogo wangu. Nami nitakuwa hapa hapa."