Haki ya Kukalia Kiti

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, Mbinga ilijaa watu wenye mikoba. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, wakalipa fedha taslimu mlangoni kwa mtu, na sisi tuliozoea kungojea malipo ya chama cha ushirika, yakija kwa mafungu, tukawa kama watu waliopewa chakula kabla hawajanawa. Baada ya wanunuzi wakaja wauzaji. Magodoro, redio, mabati, makoti ya mitumba, vyote vilipanda mlima kutufuata. Kwa hiyo mume wangu aliporudi jioni moja na habari kwamba uwanja wa mpira unajengewa jukwaa, na viti vyake vinauzwa, sikushangaa. Kilichonishangaza ni namna vilivyokuwa vinauzwa.

"Unalipa mara moja tu," alisema. "Ukishalipa, kiti ni chako."

"Halafu mechi zote naingia bure?"

"Hapana. Tiketi ya msimu unanunua kando. Hii ya kwanza ni haki."

"Haki ya nini?"

"Haki ya kununua tiketi ya kiti kile. Mtu mwingine haruhusiwi kuinunua."

"Kwa hiyo nalipa ili niruhusiwe kulipa."

Aliweka kikombe cha chai chini. "Wewe kila kitu lazima ukipindue."

Sikuwa nimepindua kitu. Nilirudia alichosema yeye.

Lazima nieleze kwamba mpira ulikuwa wangu kuliko wake. Mimi nimezaliwa ziwani, upande wa Liuli, na baba yangu ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wa kijiji kucheza ufukweni. Upande mmoja wa uwanja wetu ulikuwa maji. Mpira ukiingia ziwani ulihesabiwa umetoka, lakini winga mwenye ujanja aliweza kukimbia nao mguu mmoja ukiwa majini, na baba alimwacha aendelee. Mimi nilikuwa nakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kutazama. Nilipoolewa na Mmatengo nikahamia Mbinga kwenye baridi na ukungu, kitu cha kwanza kilichonifanya nijione nimefika nyumbani kilikuwa uwanja ule wa vumbi uliozungushiwa mabanzi. Nilikuwa nafanya biashara ya usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nikiletewa kutoka Liuli wakiwa wamekaushwa. Siku ya mechi nilifunga meza mapema, nikalipa kiingilio, nikasimama pembeni karibu na kibendera cha kona pamoja na wanawake wengine wa sokoni. Mume wangu alikuja mara mojamoja, akitazama zaidi watu kuliko mpira.

Sasa ghafla alitaka viti viwili. Na fedha yake ya kahawa ilikuwa imeshaingia kwenye mabati ya nyumba, kwa hiyo alihitaji fedha yangu ya usipa.

"Kimoja changu, kimoja chako," alisema. "Hutasimama tena juani."

Yalikuwa maneno mazuri, na labda ndiyo maana sikuyaamini.

Siku iliyofuata mwuzaji wa viti alinifuata sokoni. Zamani alikuwa karani wa ushirika, mtu mpole tuliyemfahamu sote, na sasa alifanya kazi kwa tajiri wa kahawa aliyekuwa akijenga jukwaa hilo na kuifadhili timu. Alivaa koti lenye vifungo vya kung'aa.

"Habari za biashara, shemeji?"

Nikamtazama. Miaka yote alikuwa akiniita mama. "Tangu lini nimekuwa shemeji yako?"

Akacheka, akashika usipa mmoja, akamrudisha. "Mume wako ni ndugu yangu. Nimekuja kuhusu viti. Watu wanavigombea."

"Kama wanavigombea, mbona unanifuata mimi?"

"Nawajali watu wangu kwanza."

Nikamuuliza maswali niliyokuwa nayo. Timu ikishuka daraja, haki yangu inakuwaje? Akasema timu haitashuka. Nikifiwa nikaenda Liuli na nisirudi hadi msimu uishe, naweza kumpa jirani yangu akae? Akasema hilo litaangaliwa. Nikifa mwenyewe, mwanangu anarithi? Akasema, "Shemeji, mbona unazungumzia kufa?" Tajiri akiondoka Mbinga, kiti ninakibeba kwenda nacho nyumbani? Hapo akasema tajiri ana maghala hapa, hawezi kuondoka. Kila jibu lilikuwa na adabu, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Alipokuwa anaondoka alisema jambo lingine, kana kwamba ananituliza. "Msichelewe tu. Cha mume wako nimekihifadhi, na kile cha mgeni wake pia."

Sikumwuliza mgeni gani.

Siku zile niliishi vibaya. Nilimtazama mume wangu akichana nywele, nikajiuliza anamchania nani. Alinunua sabuni ya harufu kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nikainusa kama mtu anayetafuta chakula kilichochacha. Akichelewa, nilihesabu njia alizoweza kupita. Akiwahi, nilijiuliza kwa nini amewahi. Nilikuwa nimeshamwona mwanamke huyo akilini mwangu, amekaa jukwaani kwenye kivuli na kitambaa chekundu kichwani, nami nikiwa kwenye kona na vumbi langu, huku usipa wangu ndio uliomlipia kiti.

Nikaamua kwenda kuliona jukwaa lenyewe. Lilikuwa limekaribia kumalizika: ngazi za mbao, mabati juu, nguzo za mikaratusi ambazo hazijakauka vizuri, bado zinatoa utomvu. Mafundi walikuwa wamepumzika. Yule karani alikuwepo, akaja mbio.

"Karibu, shemeji. Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kukaa. Nioneshe vyetu."

Alisita, kisha akanipandisha hadi safu ya katikati. Nikakaa kwenye ubao. Kulikuwa na kivuli kweli, na upepo mzuri. Nikatazama mbele, na mbele yangu kulikuwa na nguzo. Nikiegemea kushoto niliona goli la upande wa barabara, nikiegemea kulia niliona la upande wa shule. Nikikaa wima kama Mkristo kanisani, niliona mkaratusi.

"Hii nguzo," nikasema.

"Hiyo ndiyo inayoshika bati."

"Naona. Lakini katikati ya uwanja sioni."

"Utazoea."

Nikamwonesha safu ya mbele, ambako hakukuwa na nguzo yoyote. "Na vile?"

"Vile haviuzwi. Ni vya tajiri na watu wake."

"Wanalipa haki?"

Akaangalia chini. "Wale ni wageni wa heshima."

Usiku ule, watoto walipokwisha kula, nilimweleza mume wangu habari ya nguzo. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Hakukasirika hata kidogo.

"Nguzo ni nini?" alisema. "Kwani sisi tunakwenda kuangalia mpira?"

Nikaendelea kukusanya sahani. Nilitaka asikie mwenyewe alichokisema.

"Mama watoto, nisikilize. Pale watakaa watu wote wanaonunua kahawa wilaya hii. Mtu akikaa nao, wakamzoea, siku ya mizani hawamfanyii kama mgeni. Sisi Wamatengo tunalima kwa mashimo yetu ya kuzuia mmomonyoko mlimani, tunachuma, tunakoboa, tunaanika, halafu anakuja kijana na mizani yake anasema kahawa hii ina unyevu. Nani atabishana naye? Lakini kama Jumapili nilikaa naye bega kwa bega..."

"Nani? Nani utakaa naye bega kwa bega?"

"Mpimaji. Yule wa tajiri."

"Kwa hiyo kiti cha pili ni cha mpimaji."

Akajikuna shingo. "Ningekuambia."

"Ulisema ni changu."

"Ningekuambia," akarudia.

Sijui kama nilifurahi au nilikasirika zaidi. Mwanamke wa kitambaa chekundu aliondoka, lakini hakuondoka kabisa, maana mtu aliyeweza kunidanganya kwa ajili ya mpimaji angeweza kunidanganya kwa ajili ya yeyote. Nilimwambia fedha ya usipa haitalipia mtu kuegemea nguzo. Kama anataka kiti kimoja, atafute mwenyewe. Alinuna, lakini hakupandisha sauti, na baada ya muda alikipata. Alikopa kwa kaka yake, ambaye baadaye alinilaumu mimi kwa ubahili.

Msimu ukaanza. Nilisimama kwenye kona yangu. Mume wangu alikaa jukwaani amevaa koti, na kutoka nilipokuwa nilimwona akiyumba kushoto na kulia kama mtu anayeimba kwaya. Ubao wa pembeni yake aliuziwa mwalimu mmoja ambaye hakununua kahawa wala kuuza. Mpimaji alikuja, ndiyo. Alikuja karibu kila mechi. Alikaa safu ya mbele na tajiri, kwenye vile viti visivyouzwa, na sikumwona hata mara moja akigeuza kichwa nyuma.

Nyumbani mume wangu alikuwa akivuta kigoda jikoni, karibu na moto, na kuzungusha maneno.

"Leo tumecheza vizuri."

"Tumecheza vizuri."

"Lile goli la pili... lilikuwa zuri."

"Ulilionaje?"

Akasogeza kigoda. "Hebu nieleze lilivyofungwa."

Nami nilimweleza, nikigeuza ugali huku nikionesha kwa mwiko jinsi winga alivyomhadaa beki, jinsi kipa alivyotoka mapema. Mwanzoni nilimweleza kwa kumkomoa. Baadaye nilianza kukipenda kile kipindi, naye akaanza kuuliza maswali ya kweli, kwa nini yule amerudi nyuma, kwa nini mwamuzi amesema ameotea. Nadhani alijifunza mpira kwa mwiko zaidi kuliko kwa kiti. Lakini sikumwambia kwamba nilikuwa napenda. Bado nilikuwa nanusa ile sabuni.

Mwaka uliofuata bei ya kahawa ilianguka. Malori yakapungua, kisha tajiri akafunga ghala moja, akafunga la pili. Kabla ya msimu kuanza, likatoka tangazo kwamba wenye haki za viti wanatakiwa kuzilipia upya. Mume wangu alikwenda kwenye ofisi ya timu kuuliza haki gani inayokufa baada ya mwaka mmoja, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Wiki chache baadaye mabati ya jukwaa hayakuwepo. Wengine walisema tajiri ndiye aliyetuma watu wayang'oe, wengine walisema kamati, wengine walitazama paa za majirani zao kwa jicho la pembeni. Mume wangu naye alizunguka mtaa mzima akitazama paa za nyumba. Nilimwambia aache, mabati yote yanafanana.

Yule karani nilimkuta mwishoni mwa mwaka huo kwenye mnada, akiuza mitumba juu ya turubai. Koti la vifungo vya kung'aa lilikuwa miongoni mwa nguo alizozitandika. Aliniona kabla sijageuka.

"Karibu, mama."

Nilikuwa nimerudi kuwa mama. Nikainama, nikachagua fulana ya mtoto, na kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza nikamwuliza wazi. "Mlijua tangu mwanzo kwamba lile jukwaa ni la msimu mmoja?"

Alikunja shati taratibu. "Mama, mimi mwenyewe nilinunua kiti. Tajiri alinikata kwenye mshahara. Na mshahara wa miezi ya mwisho sikuupata."

"Kiti kipi?"

"Safu ya nyuma kabisa. Hata sikuwahi kukikalia, nilikuwa nakusanya tiketi mlangoni."

Alinitazama usoni alipokuwa akisema hivyo, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka. Huenda alisema kweli. Lakini nilikumbuka jinsi alivyokuwa akisema "hilo litaangaliwa" kwa uso uleule mpole, na nikaikagua ile fulana mishono yote, ndani na nje, kabla ya kuilipia. Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu. Akasema yeye anamwamini. Mimi nilisema sijui. Miaka mingi imepita tangu siku hiyo, karani mwenyewe alihamia Songea na hatukuonana tena, na bado nikiulizwa nitasema hivyohivyo.