Siku Tatu kwenye Nyasi za Babu

Mpaka leo, nikisikia harufu ya turubai lililopigwa na jua huku limelowa mafuta ya samaki, nanyoosha shingo kama mtu aliyetukanwa. Wengine huziba pua. Mimi narudi Rumonge, mji wa ziwani katika nchi ya Warundi, mwaka ule wa uhuru, nikiwa na miaka tisa na mdomo mkubwa kuliko akili, nilipopiga kambi siku tatu katikati ya mji, kwenye bustani ambayo hatukuruhusiwa hata kuikanyaga.

Bustani ile, tuliyoiita jardin kwa Kifaransa, ilikuwa kati ya posta na ziwa. Wazungu waliizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, wakaweka mijohoro kandokando, vitanda vya maua, na nyasi fupi laini ambazo ukiziangalia tu miguu inawasha. Jioni walikuja na viti vyao vya kukunja, wakakaa kulitazama ziwa letu. Sisi wa mtaa wa Waswahili tulipita nje ya mawe. Ukitia mguu ndani, Barinabe, zamu, yaani mlinzi, wa bustani, alipuliza filimbi. Bila shaka watoto tulitia mguu kusudi, tena kila siku.

Lakini nyasi zile alizipanda babu yangu. Alichukuliwa kwa kazi za lazima pamoja na wanaume wengine wa mtaa, akazitia ardhini shina moja moja, akazinywesha maji ya ziwani kwa ndoo kiangazi kizima. Siku moja mgongo ulimchosha, akakaa chini. Msimamizi akamchapa kiboko mbele ya watu, kosa lake kukalia nyasi. Siku ileile bibi yangu, Bi Zaituni, aliweka nadhiri: bendera ya Wabelgiji ikishuka, yeye atalala siku tatu juu ya nyasi zile. Babu alikufa kabla ya kuiona siku hiyo. Nadhiri ikabaki, na kwetu nadhiri si maneno ya kupigia soga. Ukishaiweka iko shingoni mwako mpaka uitimize.

Basi bendera ikashuka. Wenzetu walikwenda kucheza ngoma. Bibi alikwenda kuchukua bashi. Ndivyo tulivyoliita turubai, na hilo letu kazi yake ilikuwa kufunika ndagala, wale samaki wadogo tuliowaanika mchangani, mvua isiwaharibu. Kiangazi mvua hakuna, kwa hiyo lilikuwa limekaa bure. Alichukua na sufuria, mikeka, majirani wawili waanikaji wenzake, na mimi.

Sasa, hakuna kati yetu aliyewahi kupiga hema. Alichokijua Bibi ni kutundika chandarua, basi akalitundika bashi kama chandarua: kamba katikati, juu kwenye tawi la mjohoro, pembe nne zikining'inia. Upepo wa ziwa ukaingia, bashi likatufunika sote vichwa, tukawa tunahangaika ndani yake na harufu ya ndagala huku watu wa posta wakicheka madirishani. Mara ya nne ndipo mmoja wetu akakumbuka kuchonga vigingi. Bibi alisema waliocheka watakoma wakisikia chakula. Kweli, bugari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala za mawese vilipoanza kunukia, dirisha moja lilifungwa kwa hasira.

Barinabe alifika siku ya kwanza na filimbi yake mdomoni. Bibi alimwambia tumekuja kupumzika, naye apumzike. Aliitoa filimbi mdomoni, akaenda zake. Bibi akatuonya: yeyote akiuliza, jibu ni hilo hilo.

Siku ya pili Bibi alikuwa ziwani akifua, mimi nalinda sufuria. Barinabe akaja tena, akaniuliza kwa upole tunaondoka lini. Ningejibu nilivyoagizwa, yasingetokea yaliyotokea. Lakini nilikuwa nimelala usiku mzima juu ya nyasi za Wazungu na kichwa kilikuwa kimevimba.

"Hatutoki," nikamwambia. "Tumehamia. Jardin ni yetu sasa, na posta tutaikamata Ijumaa."

Mdomo huponza kichwa. Siku ya tatu asubuhi, tukiwa tumebakiza usiku mmoja tu nadhiri itimie, bwana mkubwa mpya wa mji alikuja mwenyewe. Alikuwa kijana, Mrundi aliyesomea misheni, koti limefungwa vifungo vyote katika joto lile. Nyuma yake polisi wawili, na Barinabe, aliyepeleka maneno yangu, akitazama chini. Bibi alinitupia jicho moja tu, nikajua nimejulikana. Kama tungetolewa kabla ya usiku ule, Bibi angekufa na deni la Mungu, na aliyelisababisha ni mimi.

"Amahoro, mama," alisalimu yule kijana kwa Kirundi. "Hii jardin iko ya serikali. Mutoke leo, mbele ya saa sita."

"Amahoro, mutoto wangu. Serikali iko nani? Wazungu si wameenda?"

"Serikali iko sisi sasa."

"Na mimi niko nani?"

Nafikiri hakutaka kulisema, lakini watu walikuwa wameshajaa kwenye uzio wa posta wakisikiliza.

"Ninyi muko wageni," akasema. "Bazee benu balitoka Kongo. Mugeni hawezi kukamata jardin ya inchi."

Bibi akaanza kukaza kitenge kiunoni, polepole, kama mtu anayejiandaa kwenda shamba.

"Wageni. Haya, tuko wageni," alisema. "Tumelala hapa siku mbili. Na sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo iko ya tatu. Jembe liko wapi?"

Yule kijana akageuka kuwatazama polisi wake.

"Barinabe! Leta jembe la serikali!"

Barinabe alikuwa ametii sauti za kuamrisha maisha yake yote, na ile ilikuwa sauti ya kuamrisha. Alikwenda mbio stoo, akarudi na majembe matatu. Bibi akaingia kwenye vitanda vya maua, ambavyo tangu msimamizi aondoke vilikuwa vimejaa magugu hadi magotini, akaanza kulima. Majirani wakamfuata. Polisi mmoja aliinama kufungua kamba ya hema; mimi nikakaa juu ya kigingi nikamwambia akinigusa namuuma. Na ningemuuma kweli.

Bwana mkubwa alitazama uzio uliojaa watu, akawatazama wazee watatu wakipalilia bustani ya serikali yake. Wiki ya kwanza ya uhuru, awakamate kwa kosa gani?

"Mpaka kesho asubuhi," alisema mwishowe. "Halafu bashi linatoka."

"Kesho nitalitoa mimi. Wewe usiliguse," Bibi alijibu bila kuinua kichwa.

Hata hivyo Bibi alinituma nimpelekee yule bwana mkubwa sahani ya chakula, maana mtu aliyekukuta unapika humwachi hivihivi. Alikataa, akasema ameshiba. Bibi akasema basi akae na shibe yake, nasi tukala vyote, tukilamba vidole kwa sauti.

Kesho yake nadhiri ilikuwa imetimia. Bibi alikunja bashi, akafagia majivu, akatuongoza nyumbani kwa kupita katikati ya nyasi. Sikuchapwa kwa mdomo wangu. Nilijisifu mtaani mwezi mzima kwamba tumeishinda serikali, na lile neno wageni lilinipita sikioni kama yanavyopita maneno ya wakubwa.

Mwaka wa sabini na mbili lilinirudia. Msiba wa mwaka ule sisi watu wa ziwani hatuusemi kwa sauti, nami sitausema hapa. Nitasema tu kwamba watu waliulizwa wametoka wapi, na jibu likawa uhai wao au kifo chao. Ndipo nikaelewa kwamba Bibi alikuwa amelisikia swali hilo mapema kuliko sisi sote, likiwa bado limevaa koti na kusema amahoro, na akalijibu palepale. Msiba ulipofika, Bibi alikuwa ameshazikwa Rumonge. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Sisi tulivuka kwa mtumbwi hadi Kigoma. Karani aliyekuwa akituandikisha aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Rumonge. Akauliza asili yetu hasa. Nikasema Rumonge. Akaweka kalamu chini, akaniambia kwa uchovu kwamba Waswahili wote wa kule wana kwao kwingine, nitaje tu, watu wanasubiri. Kweli nyuma yangu walikuwa wameanza kunung'unika kwenye jua. Sikusogea. Nilisimama palepale mpaka akaiokota kalamu na kuandika, kisha nikamwambia anisomee alichoandika, kwa sauti.